Kumpokea mlevi usiku katika makao ya wasio na nyumba, Lubumbashi

Anayebisha hodi usiku akinuka lutuku, pombe kali ya kienyeji, asirudishwe barabarani, hasa Juni na Julai, kwa kuwa pombe hupanua mishipa ya damu karibu na ngozi, na mwili hupoteza joto upesi huku mwenyewe akidhani hasikii baridi. Mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele na mdomo uinamie chini ili matapishi yatoke nje. Mjaribu kumwamsha mara kwa mara. Asipoitika, au akipumua kwa kusitasita, apelekwe hospitali papo hapo. Kahawa haisaidii kitu.

Hatari wasiyoijua walinzi wengi huja baadaye. Aliyezoea kunywa kila siku, akikatizwa ghafla, huweza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 24, kisha kupata degedege au kuona visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo sharti la kuacha leo au kufukuzwa, ambalo mimi naliona la kikatili, laweza kuua. Asubuhi mwulize faraghani, bila kumkaripia: "Papa, ulikunywa mara ya mwisho saa ngapi?" Andika jibu lake, kisha umsindikize kwa muuguzi kabla mikono haijaanza kutetemeka.