Ndugu yako akitoka na jiwe la tanzanaiti migodini Mererani, fanya hivi kabla mtaa haujajua

Kwanza kabisa usipige simu. Najua kidole kinawasha, ila siku braza alivyorudi na tanzanaiti yake kaifunga kwenye soksi, mama alimwambia mtu mmoja tu, dada yake wa Machame, na kesho yake saa mbili asubuhi pale kwetu Ngaramtoni kulikuwa na watu kumi na moja barazani wanasubiri chai. Jiwe lenyewe halijauzwa bado!

Kuuza sasa. Usiuze usiku, wala usimuuzie dalali anayekuharakisha. Atakwambia hili la kahawia halina kitu, wakati tanzanaiti nyingi inatoka ardhini ya kahawia hivyohivyo na ile bluu inakuja ikishachomwa kwenye joto kama nyuzi 500. Peleka soko la madini, lipimwe, lithaminishwe, ukatwe mrabaha wa serikali, upewe karatasi. Karatasi hiyo itunze kama cheti cha kuzaliwa maana benki lazima wakuulize hela imetoka wapi. Mzee Saniniu Laizer, mchimbaji wa hapohapo Mererani, mwaka 2020 aliuza mawe mawili yenye kilo zaidi ya 14 kwa serikali, shilingi bilioni 7.7, mbele ya kamera, na akatangaza atajenga shule. Yeye sawa, lakini wewe wa milioni arobaini ukijitangaza hivyo umekwisha.

Hela ikiingia lipa madeni kabla hujagusa kitu. Wanaapolo, yaani vijana wanaochimba shimoni, wengi hawana mshahara, wanapewa msosi tu na bosi halafu wanasubiri mgodi uteme ndo wagawane, kwa hiyo kuna mama lishe na duka ambao wamembeba ndugu yako miaka mingi. Wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi zamani walikuwa hivyohivyo, wanakopa kwa nahodha kabla ya msimu, na mtu akifa deni mara nyingi linamwangukia mwanae. Deni la shimoni halina huruma aisee.

Halafu daftari. Hapa ndo penyewe. Kaeni watu wa ndani tu, andikeni ada ya watoto, matibabu ya wazazi, kiwanja, na sehemu MOJA ya ukoo, iwe kiasi kinachojulikana, ikiisha imeisha. Sisi hatukuandika. Kila aliyekuja na shida alipewa, baba mdogo akalia kidogo tu tukamnunulia gari la Noah la biashara, wiki ya pili binamu naye anataka Noah, tukimwambia hamna ananuna, mpaka leo kwenye misiba anakaa upande wa pili.

Kiwanja usinunue kwa maneno, nenda ofisi ya ardhi uhakikishe hati, na kama muuzaji ana mke na hapo ndo nyumbani kwao basi mke asaini pia, asiposaini mtakuja kuonana mahakamani.

Inayobaki ifungie mahali ambapo huwezi kuichomoa kwa hasira, mfano hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu, riba inaingia kila miezi sita, na shangazi akija unamwambia kweli kabisa, shangazi hela ipo Benki Kuu, kaiombe huko. Atacheka, atakunywa chai, ataondoka.

Ukiwa na swali la hatifungani niulize. La Noah hapana, iko kwa fundi Kwa Mrombo tangu mwaka juzi.