Kabla ya mashine, keti na mchangia damu

Miaka kumi na moja niko maabara ya damu, na kila mwajiriwa mpya hukimbilia mashine. Mimi humrudisha kwenye meza ya mahojiano. Mdogo wangu, virusi vya homa ya ini B na C hujificha. Aliyeambukizwa karibuni anaweza kuwa navyo damuni na kipimo kisione kitu: HBsAg, protini ya ganda la kirusi cha B ambayo kipimo huitafuta, huchelewa wiki kadhaa; kingamwili za C, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi yake, huweza kupita miezi miwili. Katika pengo hilo huna kingine ila mdomo wa mchangiaji.

Usimuulize, "Umewahi kuugua homa ya ini?" Atasema hapana, maana hakuna aliyewahi kumwambia. Muulize kama macho yaliwahi kuwa ya njano, kama nyumbani kuna mgonjwa wa ini. Uliza chale, kuumikwa, tatuu, kutoga masikio, sindano za mtaani, mpenzi mpya. Mketishe mbali na wenzake. Mwanafunzi wa sekondari hatakiri tatuu mwalimu wa zamu akiwa pale pale. Uliza pia kama amechanjwa B wiki hizi: chanjo yenyewe imetengenezwa kwa HBsAg, na kwa siku chache kipimo huweza kuiona kama maambukizi.

Ukiridhika, mtoe damu, na mirija ya sampuli uijaze kwa mchomo uleule. Namba uibandike kwenye mfuko, mirija na fomu ukiwa bado kando ya kitanda. Mwaka wangu wa kwanza nilibandika baadaye, mezani, nikachanganya wachangiaji wawili. Mrija mmoja ukaonyesha B, na mfuko uliobeba namba ile haukuwa wa mtu yule. Kilichotuokoa ni kundi la damu kutolingana na kadi ya zamani ya mchangiaji. Tulitupa mifuko yote miwili.

Mfuko ukae friji la karantini, nyuzi 2 hadi 6, mpaka majibu yatoke, hata wodi ya wazazi wakipiga simu mara tano. Vitendanishi, yaani kemikali, vya Elisa, kipimo cha virusi kinachofanywa kwenye sahani yenye vishimo vya sampuli nyingi, vitoe mapema vifikie joto la chumba. Kidhibiti chanya au hasi, yaani sampuli ambayo jibu lake linajulikana tayari, kikikataa, rudia sahani nzima. Sampuli ikiitika, yaani ikionyesha dalili ya virusi, ipime tena mara mbili. Ikiitika hata mara moja kati ya hizo, mfuko ni wa kichomea taka. Na ukilazimika kutumia kijiti cha kipimo cha haraka, mstari hafifu ni mstari: hesabu kuwa ameitika.

Mchangiaji mpigie aje, ugonjwa usiutaje kwenye simu. Akifika, mweleze kuwa hicho ni kipimo cha kuchuja damu, bado kuna cha kuthibitisha kliniki. Kama ni B, mwenza na watoto wapimwe, wasio nayo wachanjwe. Kama ni C, kuna vidonge vya wiki 8 hadi 12 vinavyoponya walio wengi.

Wengi huniuliza kwanza kama wameupata kwenye sindano yetu. Kwa hiyo pakiti ya mfuko na sindano yake ifungue mchangiaji akiiangalia, siku ileile anayochangia.