Kupanga Mfumo wa Umeme wa Jua wa Nyumbani kwa Hesabu

Anayetaka kufunga umeme wa jua nyumbani hana budi kuanza na kalamu na karatasi, kwa sababu ukubwa wa betri, inveta na paneli hutokana na matumizi, wala haukisiwi kwa idadi ya vyumba. Orodhesha kila kifaa, wati zake na saa kitakazotumika kwa siku, kisha uzidishe. Taa 6 za wati 9 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 270. Televisheni ya wati 60 kwa saa 4 hutumia 240. Feni ya wati 50 kwa saa 6 hutumia 300. Nazo simu chache huchukua kama 40. Jumla ni wati-saa 850. Pasi na hita ya maji ni heri ziachwe nje ya hesabu, maana pasi ya wati 1,000 ikitumika saa moja tu hula zaidi ya vyote hivyo.

Mwanga unapopiga seli za silikoni zilizo ndani ya paneli, huzalisha mkondo mnyoofu, yaani ule unaoelekea upande mmoja tu. Mkondo huo hupitia kwenye kidhibiti chaji, ambacho huzuia betri isijazwe kupita kiasi, ndipo uingie kwenye betri. Inveta huuchukua na kuugeuza kuwa mkondo geu unaohitajiwa na vifaa vya kawaida, na katika kazi hiyo hupoteza takriban asilimia 10. Kwa hiyo betri italazimika kutoa karibu wati-saa 950.

Kwenye betri ndipo fedha nyingi hupotea. Betri ya risasi na asidi inayotumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake kila siku hufa mapema, ilhali ya lithiamu huvumilia kutumiwa asilimia 80. Ili kupata wati-saa 950, ya kwanza yapasa kuwa na wati-saa 1,900, ambazo zikigawanywa kwa volti 12 za betri ni kama ampea-saa 160, kipimo cha ujazo wa betri. Ya pili yatosha ikiwa na ampea-saa 100. Hiyo ni akiba ya siku moja, na anayetaka kuvuka siku ya mawingu mazito azidishe mara mbili. Kwa maoni yangu, mwenye uwezo achague lithiamu, mradi kidhibiti chaji chake kikubali betri ya aina hiyo.

Wati zilizoandikwa mgongoni mwa paneli hupimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi. Juu ya paa lenye joto seli huweza kufika nyuzijoto 60, na hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzijoto inayozidi 25. Ndiyo maana nafasi ya hewa kati ya bati na paneli si urembo. Ili kufidia joto, vumbi, waya, betri na inveta, gawanya matumizi yale ya wati-saa 850 kwa 0.7, upate kama wati-saa 1,200. Mahali panapopata saa 5 za jua kamili kwa siku (si saa za mchana wote, bali zile zinazolingana na mwanga wa kipimo hicho), paneli ya wati 240 ingetosha. Mimi ningefunga ya wati 300.

Paneli ielekezwe upande wa ikweta, na hata karibu na ikweta iinamishwe angalau digrii 10 ili mvua iioshe. Epuka kivuli cha tawi au nguzo: seli zimeungwa mfululizo, hivyo chache zikifunikwa huvuta chini sehemu kubwa ya paneli.

Kuhusu waya, kumbuka kwamba vifaa vya jumla ya wati 1,200 vikiwashwa pamoja kwa betri ya volti 12 huvuta ampea 100, mkondo unaoweza kuyeyusha waya mwembamba. Kwa volti 24 hushuka hadi 50, na ndiyo sababu mifumo mikubwa hutumia volti 24 au 48. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Betri za risasi hutoa haidrojeni zinapochajiwa, kwa hiyo zikae penye hewa, mbali na moto. Wakati wa kuunga, betri itangulie kwenye kidhibiti chaji, kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli itolewe kwanza, tena ikiwa imefunikwa, kwa kuwa haiachi kuzalisha umeme maadamu kuna mwanga.