Mwezi wa Tanga, maji ya Seattle: kuvua samoni wakati wa kiangazi

Mzee mmoja wa Tanga, aliyekuja kumtembelea binti yake huku Kent, karibu na Seattle katika jimbo la Washington, alichungulia mwezi mpevu dirishani akatutangazia: "Kesho bamvua, siku ya maji makubwa. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa." Tukaenda naye Dash Point, karibu na Tacoma. Saa nne ikafika maji bado yanateremka, yakaja kukupwa hasa karibu saa sita mchana. Mzee akasema haidhuru, yatakupwa tena usiku. Usiku yakashuka kidogo tu, kisha yakaanza kupanda. Alikereka kama mtu aliyedanganywa na rafiki wa miaka sitini.

Kwetu kupwa mbili za siku moja karibu zinalingana. Katika Puget Sound, ghuba ya bahari ya huku Seattle, hazilingani: moja inashuka sana, ya pili inagusa tu. Wakati wa kiangazi ile kubwa huja mchana, na wakati wa baridi huja usiku. Kwa hiyo mwezi utakuambia nusu ya habari, nusu nyingine iko kwenye jedwali la maji la mahali unapovulia. Lisome usiku wa kuamkia safari. Mimi hupenda alfajiri inayokutana na maji yanayogeuka: Agosti mwanga unaanza kama saa kumi na moja na nusu, na saa mbili za mwanzo ndizo zenye samaki. Jua likishapanda, wanaobaki ufukweni wengi wanapiga soga.

Samaki mwenyewe ni samoni wa pinki, anayerudi kwa wingi miaka ya witiri tu. Walipita 2025, na zamu yao nyingine ni 2027. Ana kilo moja na nusu hadi mbili na kidogo, na huja kwa makundi yanayoambaa na ufuko, kwa hiyo asiye na boti hana cha kulalamikia. Lincoln Park upande wa magharibi wa Seattle, Des Moines, Dash Point na Browns Point, pote utawafikia kwa miguu. Chambo bandia kidogo cha rangi ya pinki kinatosha. Tupa, kiache kizame kidogo, vuta polepole ukisimamasimama. Hagongi kwa kishindo kama kolekole. Utahisi mshipi umekuwa mzito, kama umenasa mwani, kisha mwani unaanza kutikisa kichwa.

Sasa leseni, na hapa naomba usome taratibu. Kuanzia miaka 15 kila mtu anahitaji yake, na bei ya mkazi unaipata ukishakaa jimboni siku 90. Mgeni wako hawezi kushika fimbo "kidogo tu" kwa leseni yako. Yule mzee wetu alikaa kwenye kiti akatoa amri. Samoni pia ana kadi yake. Ukiamua kumchukua samaki, unamwandika papo hapo kwa wino kabla hujatupa tena. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani nitaandika nikifika garini. Ofisa alinikuta na samaki wawili ndooni na kadi isiyoandikwa kitu, na hakupandisha sauti hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi. Baadhi ya makosa ya uvuvi huku yanahesabiwa jinai. Kama faili lako la uhamiaji bado liko mezani kwa mtu, usiliongezee ukurasa kwa ajili ya samaki.

Ndoana ya kuvulia samoni baharini isiwe na kile kijimwiba kinachorudi nyuma. Kibane kwa koleo ukiwa nyumbani. Kwa aina nyingine za samoni, angalia pezi dogo la mgongoni karibu na mkia. Aliyezalishwa kituoni kwa kawaida hukatwa pezi hilo akiwa mdogo. Akiwa nalo huhesabiwa wa mwitu, na mara nyingi sheria inataka umwachie akiwa bado majini. Ramani nayo ina mitego yake: bahari imegawanywa kwa maeneo ya uvuvi yenye namba, Lincoln Park iko eneo la 10, Des Moines eneo la 11, na moja linaweza kufungwa huku jingine liko wazi. Sheria za dharura hubadilika katikati ya msimu, kwa hiyo fungua ukurasa wa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington asubuhi ileile ya safari.

Ukiona nyavu zimetandazwa mtoni usinung'unike kwamba wewe umekatazwa. Ni za makabila wenyeji, na haki yao inatoka kwenye mikataba ya miaka ya 1850. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kuwa nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa ni yao.

Kuhusu mito, sahau ulichozoea. Kwetu mto huchafuka mvua ikinyesha. Mto Puyallup wa huku unaanzia kwenye barafu ya Mlima Rainier, kwa hiyo jua likiwaka siku tatu maji yanakuwa ya kijivu kama ya kuoshea mchele, na samaki haoni chambo chako. Nenda siku za baridi kidogo, mapema. Na samaki aliyenaswa mgongoni au mkiani si wako, mrudishe.

Watoto wasikudanganye kwa kuogelea. Maji haya Agosti yana nyuzi 12 au 13 hivi, mwili unakufa ganzi haraka kuliko unavyodhani. Kwenye boti, wavae majaketi ya kuokolea.

Ukimpata, mkate matamvua palepale damu itoke, kisha barafu. Pinki ana nyama laini, akikaa juani saa moja anakuwa uji. Wamarekani wengi humdharau, na hiyo ni bahati yetu. Hana mafuta mengi, kwa hiyo anaipokea nazi vizuri: mpasue, mpake ndimu na tangawizi, mchome nusu, kisha mmwagie tui zito. Yule mzee alikula vipande vitatu, akauliza kesho maji yanakupwa saa ngapi. Binti yake akampa simu yenye jedwali.