Kioo cha umeme kimegoma? Usikimbilie kununua mota

Wateja wengi wanaoniletea gari lenye kioo kilichogoma huja na jibu tayari: "Fundi, mota imekufa." Wengine wameshapita kwenye maduka ya spea ya Gerezani, mota ya mtumba iko kwenye mfuko wa nailoni, wanachotaka ni kufungiwa tu. Nawaambia wakae kwanza. Mota za Toyota za zamani ni ngumu kufa. Kinachokufa mapema ni swichi, nyaya za kwenye bawaba ya mlango, na mipira ambayo kioo kinapita ndani yake.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, na nayashika zaidi magari ya miaka ya 1990: Corolla 110, Premio, Mark II za GX100. Kwenye magari hayo swichi unayobonyeza ndiyo inayopeleka moto, yaani umeme, kwenye mota moja kwa moja. Gari jipya lenye kompyuta mlangoni ni habari nyingine.

Kabla hujagusa bisibisi, zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, kisha jaribu vioo vyote. Vikigoma vyote vinne, anza na fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za umri huo imeandikwa POWER. Ikiwa cha dereva kinafanya kazi ila abiria wakibonyeza swichi zao hakuna kitu, angalia kile kitufe cha kufungia vioo kwenye mlango wa dereva. Watoto hukibonyeza, mafundi wa kuosha magari nao hukibonyeza wakifuta vumbi. Hiyo kazi huwa sitozi hela.

Kikigoma kimoja tu, washa taa ya ndani ya gari, sogea kivulini, halafu bonyeza swichi ya kioo hicho huku ukiitazama taa. Taa ikififia kidogo, ujue umeme unafika na mota inahangaika: kuna kitu kimekwama. Taa isipotikisika kabisa, umeme haupiti, na tatizo liko kwenye swichi, waya, au kaboni za mota (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha. Ukisikia mota inalia lakini kioo hakiendi, iache mota, kagua mashine ya kioo, yaani yale makono ya chuma au kamba ya waya inayokinyanyua.

Kioo kinachoshuka vizuri halafu hakipandi, wala mota hailii, karibu kila mara ni swichi au waya mmoja uliokatika. Mota hizi hubadilisha mwelekeo kwa kugeuziwa moto (chanya) na ethi (hasi) tu. Ikiweza kuzunguka upande mmoja, upande wa pili haina sababu ya kunyamaza.

Vioo vya abiria vina faida moja: vina swichi mbili. Kikikubali kwa dereva na kukataa kwenye mlango wake, mbovu ni swichi ya mlango huo. Kikikubali mlangoni kwake na kukataa kwa dereva, mbovu ni swichi kubwa ya dereva au waya unaotoka hapo. Kikikataa kote kuwili usihukumu mota bado, kwa sababu moto wa swichi ya dereva hupitia kwenye swichi ya abiria kabla ya kuifikia. Chomoa swichi ya mlango wa nyuma wa kulia uichomeke kushoto. Mara nyingi hufanana, na jaribio hilo ni la bure.

Swichi ya dereva ndiyo inayoteseka zaidi. Kwenye foleni ya Ubungo unashusha kioo kununua maji, unapandisha, unashusha tena kwa karanga, trafiki naye anakuja. Kila ukibonyeza, cheche ndogo inapigwa ndani na shaba inaungua taratibu. Ongeza mvua iliyoingia siku ulipoacha kioo wazi, au soda iliyomwagika. Soda ni mbaya kuliko maji, sukari yake inabaki.

Kuisafisha inawezekana. Ichomoe, ifungue juu ya kanga au taulo nyeupe, kwa sababu ndani kuna vipande vidogo vya shaba na springi ambavyo vikiruka hutavipata tena. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Sehemu za shaba zilizokuwa nyeusi zisugue taratibu kwa msasa laini, ule wa namba 1000 unatosha, hadi zing'ae, halafu zifute kwa spiriti ya kusafishia. Ukikuta shaba imelika hadi imetoboka, au plastiki imeyeyuka, nunua swichi nyingine.

Sasa nyaya. Fungua mlango wa dereva, utaona mpira mweusi wenye mikunjo kati ya mlango na bodi. Ndani yake nyaya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka ishirini na zaidi shaba hukatika huku ganda la plastiki likiwa zima. Dalili yake ni kioo kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa, au kinyume chake. Niliwahi kuletewa Premio ambayo mwenyewe alikuwa ameshabadilishiwa mota kwa fundi mwingine na bado kioo kimelala. Nilipovuta mpira ule, waya wa kijani ulikuja mkononi.

Usiunge hapohapo penye mkunjo, utarudi tena. Kata waya mbali kidogo kila upande, weka kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi na unene uleule, lehemu, na maungio yasikae sehemu moja. Funika kwa mpira unaobana ukipashwa joto. Teipu ya umeme kwa joto la hapa huyeyuka gundi na kubanduka.

Ukiwa na mita, kuwa mwangalifu. Plagi ya mota ukiichomoa itakusomea volti 12 hata kama waya umebakiza uzi mmoja. Pima mota ikiwa imechomekwa na mtu anabonyeza swichi. Zikishuka hadi 8 au 9, kuna njia mbovu mahali, na ndiyo maana kioo kinapanda kwa uvivu.

Uvivu mwingine unatokana na mipira. Vumbi la Dar na jua hukausha ile mifereji ambayo kioo kinatelezea. Isafishe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, iache ikauke, kisha puliza silikoni. Usipake oili ya injini wala grisi: zinavimbisha mpira na kukusanya mchanga. Na kioo kikisimama katikati baada ya kuchezewa na watoto, subiri dakika chache. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani, ikipoa inarudi yenyewe.

Ikibidi kufungua mlango, skrubu hujificha nyuma ya kishikio cha ndani na chini ya sehemu ya kuegemeza mkono. Ukizitoa, klipu za pembeni zivute moja moja, halafu nyanyua kava kwenda juu. Nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi usiichane, ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari.

Jambo la kuogopa ni hili. Kioo kibane juu kwa teipu imara, na makono ya mashine uyafunge yasisogee, kabla ya kutoa mota. Mashine nyingi zina springi kubwa iliyojikaza, na inayoishikilia ni meno ya mota. Ukitoa mota bila kufunga, makono yanaweza kuruka na kukata vidole. Kioo nacho kitashuka kwa kishindo.

Ukishathibitisha kwamba mota kweli imekufa, yaani umeipa moto na ethi kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, ukageuza, na hailii hata ukiigonga, hapo nenda ukanunue. Beba ya zamani. Ya kulia na ya kushoto hazifanani, hesabu meno, linganisha plagi, na mwambie muuza spea aiwashe kwa betri mbele yako, pande zote mbili. Anayekataa kuiwasha, mwachie mota yake. Chukua na klipu za kava za ziada hapohapo. Za zamani lazima mbili tatu zitavunjika.