Jinsi ya kulielewa neno "clutch" ukianzia kwenye klachi ya tuktuk

Mombasa nzima tunalo hili neno mdomoni, ila muulize dereva clutch ni kufanya nini atakwambia si ile pedali yakhe. Kumbe ni kushika. Hata mie nlikuwa hivo hivo mpaka mpwa wangu aliponijia na homuweki, mjomba nieleze hii clutch, nikabaki kukuna kichwa.

Anza na mkono wako. Chukua sarafu ya shilingi ishirini, iweke kiganjani, kunja vidole mpaka isionekane. Hapo umefumbata, na ndo maana yenyewe ilikotokea, manake kwenye Kiingereza cha kale, kama miaka elfu nyuma huko, kulikuwa na clyccan, yaani kukunja vidole. Na sie tuna ukoo wetu wa kushika: kamata, fumbata, ambata, pakata, yote yanaishia na -ata na yote ni vitu viwili kugusana visiachane (usinletee kata na pata, hizo ni nyengine).

Sasa rudi kwa klachi. Injini inazunguka, giaboksi inangoja, katikati kuna pleti inabanwa kwa spring, na ule mbano ndo umeipa jina, tena kwenye mashine lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1800 kabla hata ya magari. Kinachonchekesha ni kwamba mwalimu wa driving akikupigia kelele "shika klachi!" we unakanyaga, na kule ndani ndo kwanza pleti inaachia! Inashika ukitoa mguu. Tuktuk ndo inakaribia asili yake, klachi iko mkono wa kushoto na unaikunjia vidole haswa.

Kwenye kutumia sasa, si kila kushika ni clutch. Umekaa barazani na kikombe chako cha kahawa, umetulia, hapo ni hold tu. Lakini mama yuko feri ya Likoni asubuhi, watu wamebanana, mkoba ameubana kifuani kama mtoto mchanga, huyo ndo "she clutched her bag". Ni kushika kwa nguvu, na mara nyingi kuna woga, au uchungu, au kutotaka kunyang'anywa. Ndo maana hata vile vipochi vya harusini visivyo na mkanda vinaitwa clutch, uking'ang'ania mkononi usiku kucha mpaka biriani unalila kwa shida.

Ukiongeza at maana inageuka. Clutch at ni kukirukia kitu ukikamate na pengine usikipate. Sie twasema mfa maji hukamata maji, Waingereza mfa maji wao anakamata bua.

Clutch ya mayai ya kuku, yaani mayai ya mtago mmoja, iwache, hiyo asili yake ni nyengine, inatoka kwenye kuangua. Na ukitaka wakati uliopita ni clutched, usitamke "klachedi", sema klacht, haraka.

Mpwa wangu akaenda kuandika "my uncle clutched the tuktuk" na mwalimu akampiga kosa, na kosa ni kweli, tuktuk haifumbatiki. Sasa ameninunia mie.