Tela la zamani la kulala: shughulika na maji kwanza, rangi itasubiri

Kila kiangazi tukishapaki tela letu la kulala, yani kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, kambini haipiti nusu saa kuna mtu atakuja kuuliza ni la mwaka gani, na mara nyingi anayeuliza ana watoto wawili watatu nyuma yake na unaona kabisa macho yake yameshaingia ndani. Letu ni la kampuni ya Shasta, la 1964, futi 16, lile lenye mabawa mawili ya bati huku nyuma, tulilinunua kwa mzee mmoja hapa hapa Minnesota, na mi na baba watoto tumeshalala humo na wanetu watatu miaka sita sasa. Naandika hii kwa Waswahili wenzangu wa huku Marekani, kwasababu naona wengi wanatamani ila wanaanzia kwenye picha nzuri za pazia na rangi, wakati huko ndo mwisho kabisa.

Elewa kwanza hili dude limetengenezwaje. Ukilitazama kwa nje unadhani ni chuma tupu, lakini kilichobeba kila kitu ni mbao. Ni vipande vyembamba vya paini vimeungwa kama mbavu, ndani wamepiga plaiwudi ya milimita 3 hivi, nje wakafunika na shiti za alumini, basi. Kwahiyo maji yakipenya tone tone pale juu kwenye kona, hayaonekani, yanashuka ndani ya ukuta, yanaozesha mbavu moja baada ya nyingine alafu siku moja uko barabarani na ukuta unatikisika. Hata yale matela ya Airstream ya mviringo ambayo mbavu zake ni alumini, sakafu yake ya zamani ni plaiwudi, na inaoza vile vile pembeni.

Ndo maana siku ya kwenda kuliona kabla hujanunua, beba tochi na bisibisi ndogo, na vaa nguo za kulala chini. Ingia, funga mlango, simama dakika mbili unuse. Uvundo haufichiki hata wapulize manukato gani. Alafu bonyeza kwa kidole gumba kona zote nne juu, chini ya kila dirisha, kuzunguka kile kidirisha cha dari, na ndani ya makabati ya chini yale ambayo hamna mtu anafungua. Plaiwudi nzima inakataa kidole. Iliyooza inabonyea kama mkate uliolowa na utaona alama za rangi ya chai kwenye ubao. Letu tulibonyeza kona ya nyuma kulia kidole kikaingia mpaka kwenye kucha, mzee wa watu akanyamaza, tukashusha bei tukanunua tukijua kabisa tunanunua kazi. Sikwambii usinunue lililooza, karibu yote yameoza mahali, nasema ujue ni wapi na kiasi gani kabla pesa haijatoka mfukoni. Na lala chini uangalie chasisi, kutu ya juu juu ni kawaida, kutu ya kumeguka vipande achana nalo. Namba ya tela mara nyingi imegongwa kwenye vyuma vya mbele vya kuvutia, ilingane na karatasi za umiliki, bila hivyo utahangaika kulisajili.

Haya, maji. Kwenye kila kona ambapo ukuta unakutana na paa kuna reli ya alumini imefungwa kwa skrubu, na chini yake kiwandani waliweka lakiri laini ya kuzuia maji. Miaka 60 baadae ile lakiri imekauka kama biskuti. Watu wanachofanya ni kununua silikoni na kupaka juu juu kuzunguka reli, naomba usifanye hivyo, silikoni haishiki vizuri kwenye alumini ya zamani, maji yanaingia kwa nyuma yake na yanashindwa kutoka, na ukija kutaka kufanya kazi ya kweli hamna kitu kingine kitakubali kushika pale ilipopita. Toa reli yenyewe. Fungua skrubu moja moja taratibu, nyingi zitakuwa na kutu na nyingine zitakatika kichwa, hizo unazikamata na koleo unazungusha. Skrubu ikitoka na unga wa mbao wa kahawia badala ya mbao, hapo umeshaonyeshwa pa kufungua. Kwangua lakiri yote ya zamani kwa kisu cha plastiki ili usichane alumini, futa na spiriti ya kusafishia rangi mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha bandika utepe wa butili upande wa ndani wa reli, ule mlaini unaonata kama ubani uliotafunwa. Rudisha reli kwa skrubu mpya zisizoshika kutu, kaza kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni mpaka uone butili inachungulia mstari mzima bila kukatika. Iache siku mbili tatu, jua likipiga itatoka zaidi, kaza tena, ndipo ukate iliyozidi. Mi reli moja ya upande ilinila jumamosi nzima na sijutii hata dakika moja, ule upande haujapitisha tone mpaka leo.

Madirisha nayo ni hivyo hivyo, fremu inatoka yote, inasafishwa, inarudi na butili. Ya kwetu ni ya vioo vya kukunja kama yale ya luva tuliyokulia nayo nyumbani, kwahiyo mipira ya kati ya vioo lazima ibadilishwe, la sivyo mvua ya upande inaingia kitandani.

Kama mbao zimeoza, shiti za alumini zinatolewa kwa nje, na utapiga picha kila hatua, nyingi kuliko unavyodhani unahitaji, sababu shiti zinapishana kwa mpangilio na ukikosea mpangilio maji yanaelekezwa ndani. Ubavu uliooza usiutupe, hata ukiwa umebaki nusu ndo kipimo chako cha kukata mpya. Plaiwudi ya ndani ikibadilishwa, shelaki, ile vanishi ya rangi ya asali, ndo inairudisha kwenye ule mng'ao wa zamani. Na kabla hujapiga msasa rangi yoyote ya zamani humo, nunua kipimo cha risasi cha dukani, rangi za kabla ya 1978 zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Sasa chini. Tela linaweza kukaa mwaka mzima bila kutembea kwahiyo tairi zinaonekana mpya kabisa wakati zimeshakufa. Usiangalie meno, tafuta tarakimu nne pembeni ya tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka mitano sita mi natoa, hata kama zina meno yote, na nanunua tairi za tela zenyewe, zile zilizoandikwa ST, sio za gari dogo.

Beringi nazipaka grisi mwenyewe kila mwaka kabla ya safari ya kwanza, na hii kazi mtu yeyote anaweza jamani, usiogope. Nyanyua tela kwa chasisi, weka stendi, toa gurudumu, toa kifuniko cha vumbi, nyoosha pini inayofunga nati, toa nati na washa yake (kile kisahani chenye tundu), beringi ya nje inadondoka mkononi, vuta habu nzima, yani kile kikombe cha chuma kinachofungiwa gurudumu. Geuza, toa sili (ule mpira unaozuia grisi isivuje) na beringi ya ndani. Osha zote na mafuta ya taa mpaka ziwe safi alafu zikauke, zungusha karibu na sikio, ikikwaruza au ukiona vidoa vya bluu au vishimo, hiyo tupa. Weka donge la grisi kiganjani, shika beringi kwa mkono mwingine uwe unaikandamiza ukingo wake mpana kwenye kiganja, tena na tena, mpaka uone grisi inachomoza upande wa pili kati ya zile rola, unazungusha kidogo, unakandamiza tena mpaka umalize mzunguko. Sili iwe mpya, pini iwe mpya. Kaza nati huku unazungusha habu ili vitu vikae, alafu ilegeze na ukaze kwa vidole tu. Ukishatembea maili 20 simama uguse habu zote, vuguvugu ni sawa, ikikuunguza usiendelee. Mwaka wetu wa kwanza tulimpelekea fundi mmoja akatuambia ameshaweka grisi, tukiwa njiani kwenda kaskazini habu ya kushoto ikaanza kutoa moshi na watoto wako kwenye gari, tokea siku ile kazi hii hafanyi mtu mwingine.

Uzito nao upime usikisie. Pakia kila kitu cha safari, nenda kwenye mizani ya malori kama zile za Vigwaza kule Tanzania, huku wanakupimia kwa dola chache. Letu lina kilo 1,130 likiwa limejaa. Uzito unaokaa kwenye mpira wa chuma nyuma ya gari uwe asilimia 10 mpaka 15 ya huo, kwetu ni kama kilo 113 hadi 170. Ukiwa mdogo kuliko hapo, yani umepakia vitu vingi nyuma, tela litaanza kuyumba kushoto kulia kwenye mwendo na linaweza kupindua gari. Kwahiyo maji, makopo na sufuria nzito vikae mbele au juu ya ekseli. Minyororo ya usalama unaipisha kama msalaba chini ya kichwa cha tela, ikitokea limechomoka kichwa kinadakwa. Breki za umeme ziwe zinafanya kazi na gari liwe na kile kidude cha kuzirekebisha karibu na dereva.

Gesi na umeme ndo mahali nakuwa mkali. Mtungi wa zamani wenye koki ya duara la kawaida hawatakujazia, tangu 2002 mitungi midogo lazima iwe na koki ya kuzuia kujaza kupita kiasi, utaijua kwa mshikio wake wa pembe tatu. Badilisha mpira na regyuleta, alafu fungua gesi upake povu la sabuni kila kiungio, kikitoa mapovu kinavuja. Ving'ora viwili tofauti: cha gesi ya mtungi kinakaa chini karibu na sakafu sababu gesi hiyo ni nzito inatuama, na kingine cha kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto. Usiwashe jiko kupasha joto usiku, hata dakika kumi, hata mtoto analia baridi, ongeza blanketi. Hita za zamani nyingi zinavuta hewa ya humo humo mnamolala, ya kwetu tuliitoa. Kizima moto kikae mlangoni, na watoto wajue kufungua dirisha la kutokea kwa mikono yao wenyewe, sisi tunafanya mazoezi siku ya kwanza ya kila msimu.

Umeme wa wakati ule mara nyingi ni waya mbili bila waya wa ardhi, ule wa usalama. Kosa dogo tu na bati zima la nje linakuwa na umeme, mtoto anashuka miguu peku kwenye majani yenye umande anashika mlango. Hapa lipa fundi umeme mwenye leseni avute waya upya wenye ardhi na aweke soketi za kujikata zenyewe. Kambini pia pima soketi yao kabla hujachomeka.

Kuhusu kambi, kuna kambi binafsi hazipokei tela lenye zaidi ya miaka kumi, piga simu uulize, wengine ukiwatumia picha ya lililotunzwa vizuri wanakubali. Sisi tunapenda zaidi hifadhi za jimbo, hasa Itasca, ambapo mto Mississippi unaanzia na watoto wanavuka kwa kukanyaga mawe. Kuni nunua huko huko, usizibebe kutoka nyumbani, zinasambaza wadudu wanaoua miti. Chakula kisibaki nje usiku, dubu wapo. Na kila jioni kagua watoto kupe, nyuma ya masikio na kwenye kwapa. Friji ya zamani ya gesi haipoozi kama tela limeinama, kwahiyo pima usawa kwanza na ubao chini ya gurudumu, ndo uinjike chai.

Kuanzia Oktoba inakuja baridi ya kupasua mabomba, na katikati ya msimu huku inafika hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Toa maji yote kwenye tangi na mabomba, kisha pitisha ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda inayouzwa kwa ajili ya matela, mpaka kila bomba liteme pinki, na mimina kikombe kwenye kila tundu la sinki. Ile ya kijani ya rejeta ya gari ni sumu, isiguse mabomba ya maji ya kunywa kabisa. Ziba matundu ya chini kwa sufi ya chuma panya wasiingie. Usifunike kwa turubai la plastiki, linafungia unyevu ndani na upepo unalisugulisha kwenye rangi, tafuta kifuniko kinachopumua au liache wazi uwe unafagia theluji. Betri itoe ikalale ndani ya nyumba.

Mwezi wa nne theluji ikishayeyuka, kabla sijatoa hata kapeti, naingia na tochi, nabonyeza ile kona ya nyuma kulia kwanza, kisha nyingine zote. Mwaka huu zote zilikataa kidole.